Akiba ya Sanda na Noti ya Elfu

Akiba haiozi, walisema wahenga. Basi bibi zetu wa pwani wakaweka kasha, ndani ya kasha kijaluba, na ndani ya kijaluba ndimo zilimokaa fedha za sanda.

Kenya ilipotoa fedha zake tarehe 14 Septemba 1966, noti kubwa ilikuwa ya shilingi 100. Ya 200 ikaja mwaka 1986, ya 500 mwaka 1988, na mwaka 1994 ikatoka ya 1,000. Maisha yalivyopanda, ndivyo tarakimu zilivyoongezeka. Noti ya elfu ilipendwa kwa kuwa hubeba thamani nyingi mahali padogo. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoiponza, kwani kifaacho kufichia akiba ya halali chafaa pia kufichia mali ya haramu.

Tarehe 1 Juni 2019, Siku ya Madaraka, huko Narok, Gavana wa Benki Kuu, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya. Za zamani zote ziliachwa ziendelee kutumika, ila ya elfu ikapewa muda hadi 30 Septemba. Sababu zilizotolewa ni fedha chafu na noti bandia. Benki kuu za Tanzania na Uganda nazo zikasimamisha kubadilisha shilingi ya Kenya.

Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 209 zilikuwa zimerejea. Zilizobaki nje, 7,386,000, zenye thamani ya shilingi bilioni 7 na ushei, zikawa karatasi tupu.

Je, zote zilikuwa za wezi? Mtaani kwetu alifariki bikizee mmoja, mwaka huo huo, siku chache baada ya muda kupita. Wanawe walipofungua kasha wakakuta noti kumi na mbili za elfu, zimefungwa katika pindo la kanga. Zilikuwa za sanda yake. Sanda ikanunuliwa kwa mchango wa majirani.

Hakuwa mwizi wala bahili. Alificha asije akamlemea mtu, na kwa kuficha huko, hakuna aliyejua kumwambia: "Mama, zipeleke benki."

Dini yetu imetuhimiza kuusia, nasi twadhani wasia ni wa wenye majumba na mashamba. Kumbe hata mwenye pindo la kanga ana la kuusia. Akiba haiozi, ni kweli, lakini yataka awepo mmoja aambiwe ilipo.