Kalamu kubwa haiingie mu kifuko: tufanye namna gani?



Siku mutu anamaliza kutetea TFC ao memwari yake, familia inaleta zawadi: pagne, saa, maua, na mara ingine kalamu ya wino. Si biki. Ni ile kalamu nene yenye ncha ya chuma, inayojazwa wino. Mjomba alichagua kubwa juu aliona ndiyo yenye heshima. Kisha wiki mbili unaona shida: haina mahali pa kukaa. Mu kifuko cha masomo haiingie, na mu mufuko wa shati inavuta kitambaa mpaka chini.

Mimi yangu niliitupa tu mu sakoshi, pamoja na funguo, simu na dosye ya kuomba kazi. Kufika, nafungua, kifuniko kimechomoka. Wino wa bleu ulikuwa umekunywa kopi ya diplome mpaka ku muhuri. Nilirudi kutafuta kopi ingine na kuihakikisha upya, lakini ile njo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea dosye. Kalamu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, sikuitafutia nyumba.

Kubwa ni kiasi gani?

Biki ya kawaida ina unene wa milimita 8 hivi, na uzito wake haufike gramu 10. Sasa tuangalie zile kubwa. Montblanc 149 ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1952, ina urefu wa karibu sentimita 15 ikifungwa, na kifuniko chake kina unene wa milimita 16 hivi. Ile 9 ya mwisho mu jina lake inaonyesha ukubwa wa ncha. Jinhao 159 ya China ni ya bei ndogo sana, lakini unene unakaribia ule ule, na juu mwili wake ni wa chuma, inafika karibu gramu 50. Namiki Emperor ya Japani inaenda mpaka karibu sentimita 17.

Ukiangalia vizuri, urefu haupite biki sana. Kinachopita ni unene na uzito. Na vifuko vingi vinashonwa kwa kipimo cha biki. Njo maana muuzaji anakuambia "itaingia tu", na kweli urefu unaingia, lakini lastiki inavutwa kwa nguvu. Kisha mwezi moja lastiki imelegea, haishike tena kitu.

Pima mbele ya kununua

Hauna haja ya chombo cha fundi. Kata karatasi nyembamba, izungushe ku sehemu nene kabisa ya kalamu, pamoja na kile kichuma cha kushikia mufukoni, kisha weka alama pale inakutana. Tuseme umepata sentimita 5. Gawanya kwa 3,14: unene ni karibu milimita 16.

Kama ni kifuko cha kushona, chukua nusu ya ule muzunguko, maana yake sentimita 2,5, na uongeze nusu sentimita. Kwa hiyo kati ya mushono na mushono inahitajika sentimita 3. Ku urefu ongeza sentimita moja ao mbili, na uombe kipande cha kufunika juu. Kalamu nzito bila kifuniko cha kifuko itateleza na kuanguka siku unainama kupanda moto.

Wapi kuipata?

1. Kwa fundi wa nguo. Kitambaa cha pamba chenye kupigwa mara mbili, chenye vyumba vitatu ao vine, kinakunjwa na kufungwa na kamba. Mabaki ya pagne yanatosha. Kila kalamu iwe na chumba yake, juu zikigusana zinakwaruzana.

2. Kwa fundi wa viatu. Ngozi inalinda zaidi. Lakini fanya jaribio: sugua ngozi na kitambaa cheupe chenye kulowana kidogo. Kama inaacha rangi, usiweke kalamu ndani. Na wakati wa mvua, ngozi iliyofungiwa mu kabati inaota ukungu, itoe ipigwe hewa.

3. Sanduku ngumu la miwani. Linafungwa vizuri na ndani ni laini. Lakini nyingi zinafika sentimita 15 ao 16 tu, kwa hiyo peleka kalamu yenyewe ku soko uijaribishe.

4. Kile kibomba cha plastiki cha kutia muswaki wa meno. Kinapita urefu wa kalamu, na ni bei ya chini. Ifunge kwanza na kitambaa laini ili isicheze ndani. Hakina uzuri wa kuonyesha watu, lakini kinafanya kazi.

Zipu ya chuma isiguse kalamu. Na usiwe unafunga kalamu na lastiki za kufungia pesa, zinaweza kuharibu rangi ya madini.

Namna ya kuibeba

Hata kifuko kizuri hakizuie wino kama kalamu imelala vibaya. Ndani ya kalamu kuko wino na hewa. Joto likipanda, hewa inavimba na kusukuma wino inje. Mu ndege ni vile vile: ikipanda, mukazo wa hewa unashuka, na hewa ya ndani ya kalamu inatafuta njia. Kalamu iliyojaa nusu njo mbaya zaidi, juu ina hewa mingi. Kwa hiyo, safarini ijaze kabisa ao uimwage kabisa, na uisimamishe ncha ikiangalia juu. Hapo hewa inatoka peke yake bila kubeba wino.

Na dosye ya kazi? Iweke mu plastiki yake, mu upande mwingine wa sakoshi. Leo yangu iko mu kifuko cha pagne alichoshona fundi wa ku kartie, na ndiyo natumia kusaini kila barua ya kuomba kazi.