Kinga ya kadi: usilipie ulichonacho tayari
Uko Marekani, benki inakupigia simu: “Dola 10 tu kwa mwezi, tukulinde kadi yako ya mkopo ikiibiwa.” Ngoja kwanza, piga hesabu. Hizo ni dola 120 kwa mwaka. Na sheria ya huko inasema mwizi akiitumia kadi hiyo, wewe hudaiwi zaidi ya dola 50. Ukitoa taarifa kabla hajaitumia, hudaiwi hata senti. Sasa unalipia nini?

Ya kuchunga ni ile kadi inayokata akaunti yako moja kwa moja. Toa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue imepotea, la sivyo hasara yaweza kufika dola 500 au zaidi. Kuwahi kutoa taarifa ni bure. Hizo 120 zitume nyumbani, au weka akiba.