Android na wapinzani wake: rekodi za mifumo ya simu, za kupanda na za kuanguka

Ubishi wa simu umekuwa kama ubishi wa Simba na Yanga. Mwenye iPhone hamwelewi mwenye Samsung, na mwenye Tecno anawashangaa wote wawili kwa bei waliyolipa. Mabishano yenyewe mara nyingi ni ya kamera na umaridadi, lakini rekodi za miaka ishirini iliyopita zinaonyesha jambo jingine. Mfumo uliofika mbali zaidi ni ule uliokubali kuingia kwenye simu ya bei ndogo, na walioporomoka ni wale waliodhani mteja hana pa kwenda.

Watumiaji wengi kuliko wote

Hapa Android haina wa kushindana naye. Ilianza mwaka 2003 kama kampuni changa huko Palo Alto, California. Google ikainunua mwaka 2005, na simu yake ya kwanza, HTC Dream, ikaingia madukani Oktoba 2008, zaidi ya mwaka mmoja baada ya iPhone. Pamoja na kuchelewa huko, Septemba 2013 Google ilitangaza kwamba vifaa bilioni 1 vimekwisha kuwashwa vikiwa na Android. Mei 2017 vinavyotumika kila mwezi vilifika bilioni 2, na Mei 2021 vikafika bilioni 3. Hakuna mfumo endeshi mwingine, wa simu wala wa kompyuta, ambao wenyewe wamewahi kutangaza idadi kama hiyo. Leo takriban simu janja 7 katika kila 10 duniani zinatumia Android, na hapa kwetu Afrika Mashariki uwiano huo uko juu zaidi.

Chanzo cha ushindi huo kiko kwenye bei. Google haikumtoza mtengenezaji ada ya leseni ya mfumo. Ilitegemea matangazo, utafutaji na duka lake la programu. Kiwanda chochote chenye vipuri na mafundi kiliweza kuuchukua mfumo na kuupakia kwenye simu ya bei kinayoitaka. Matokeo yake ni rekodi nyingine ya Android: mwaka 2015 kampuni ya OpenSignal ilihesabu aina 24,093 tofauti za vifaa vinavyoutumia. Wakosoaji waliuita utitiri huo udhaifu, maana programu inayokwenda vizuri kwenye simu moja hukwama kwenye nyingine. Mimi nauona kuwa ndiyo nguvu yenyewe, kwa sababu miongoni mwa aina hizo elfu ishirini na nne kulikuwa na simu ya karibu kila mfuko.

Kenya ilionja mapema. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei IDEOS, simu ndogo ya Android, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Ziliuzwa zaidi ya 350,000. Kioo chake kilikuwa kidogo na kasi yake ya kawaida, lakini iliwapa vijana wengi ramani, barua pepe na intaneti mfukoni bila kupiga foleni kwenye mgahawa wa intaneti. Baadaye kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye chapa za Tecno, itel na Infinix, ilifuata njia hiyo hiyo hadi ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa simu barani Afrika. Iliweka laini mbili, betri ya kukaa muda mrefu, na kamera zilizorekebishwa ili ngozi nyeusi isigeuke kivuli kwenye picha. Miaka yote hiyo kamera za simu zilikuwa zimetengenezwa kwa uso wa mtu mwingine, na ninaipa Transsion heshima kamili kwa kuliona hilo.

Anguko kubwa kuliko yote

Symbian iliundwa London mwaka 1998 na Psion, Nokia, Ericsson na Motorola. Kufikia 2007 zaidi ya simu janja 6 katika kila 10 zilizouzwa duniani ziliendeshwa nayo. Katika robo ya mwisho ya 2010, kampuni ya utafiti ya Canalys ilihesabu simu milioni 33 za Android dhidi ya milioni 31 za Symbian. Februari 2011 Nokia, mlezi wake mkuu, ikatangaza kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Mfalme aliondolewa kitini ndani ya miaka minne, tena na watu wa nyumbani mwake.

Uhamisho huo nao haukumfaa yeyote. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha simu cha Nokia Aprili 2014 kwa zaidi ya dola bilioni 7, na Julai 2015 ikafuta kwenye vitabu vyake dola bilioni 7.6. Waandishi wa programu hawakuuandikia mfumo wenye watu wachache, na watu hawakununua simu isiyo na programu. Mwaka 2019 Bill Gates alisema kuiachia Android nafasi ya mfumo mkuu usio wa Apple ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, akalikadiria kuwa la dola bilioni 400. Kejeli ni kwamba Septemba 2010, walipokamilisha Windows Phone 7, wafanyakazi wa Microsoft walikuwa wameandamana na magari ya maiti kuizika iPhone na BlackBerry.

Rekodi ya maisha mafupi nayo ni ya Microsoft: simu za KIN ziliingia madukani Mei 2010 na mradi ukafutwa kabla ya Juni kwisha.

Mapenzi makali kuliko yote

Mashabiki wenye msimamo mkali wako Marekani. Katika tafiti za benki ya uwekezaji ya Piper Sandler za miaka ya karibuni, vijana 87 katika kila 100 wa huko wamesema wanamiliki iPhone. Tangu iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, ianze mwaka 2011, ujumbe wa mwenye iPhone kwa mwenzake huonekana kwa bluu, na unaokwenda Android huonekana kwa kijani. Watoto wa shule wametengwa kwenye magumzo kwa sababu ya rangi hiyo. Mwaka 2022 mtu mmoja alimweleza mkuu wa Apple, Tim Cook, kwamba mama yake hapokei video vizuri, naye akamjibu amnunulie mama iPhone. Ilibidi kungoja hadi Septemba 2024 ndipo iPhone ikaanza kupokea RCS, mfumo wa ujumbe unaotumiwa na Android. Afrika Mashariki ugomvi huo haujashika mizizi, kwa kuwa kundi la familia, la kanisa na la harusi yote yako WhatsApp.

Kwa pesa, Apple inaongoza. Iliuza iPhone 6 na 6 Plus milioni 10 ndani ya siku tatu Septemba 2014, na Julai 2016 ikatimiza iPhone bilioni 1.

Wa tatu wasiotarajiwa

Mwaka 2018 KaiOS, mfumo wa simu za vitufe, uliipita iPhone nchini India kwa msaada wa simu ya bei nafuu ya JioPhone. Na China, katika robo ya kwanza ya 2024, HarmonyOS ya Huawei iliipita iOS, 17 kwa 16 katika kila simu 100 zilizouzwa. Vikwazo vya Marekani vya 2019 ndivyo vilivyoisukuma Huawei kuutegemea mfumo wake.

Anayedumu zaidi

iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipokea matoleo makuu kuanzia iOS 9 hadi iOS 15. Google ikajibu Oktoba 2023 kwa kuiahidi Pixel 8 miaka saba ya masasisho, na Samsung ikaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24. Kwa anayenunua simu iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue, rekodi hii inazidi zote. Ukishikishwa simu ya Android, fungua mipangilio na usome tarehe ya sasisho la usalama kabla hujaijaribu kamera. Ikiwa ni ya miaka mingi nyuma, dai bei ishuke au irudishe, kwa sababu WhatsApp na programu za benki huacha kufanya kazi kwenye matoleo ya zamani, na muuzaji analijua hilo.