Lubumbashi: Kabla ya kununua amortisa mpya ya kinga, pima kwanza

Kinga ya VTT yenye resori nyuma inapendeza macho. Kwenye barabara za udongo za Ruashi, Katuba ao Annexe inafurahisha hata mgongo. Lakini amortisa ya nyuma haidumu milele. Siku moja inaanza kulia, inavuja mafuta, ao inazama hadi mwisho kwenye kila shimo. Hapo mwenye kinga anajiuliza: nibadilishe amortisa, niuze kinga, ao nimwombe fundi achomelee chuma mahali pake?

Ni swali la feza. Amortisa nzuri inaweza kupita bei ya kinga ya mitumba iliyoibeba. Isipopatikana mjini, inabidi kuagiza mbali, na mizigo mingi ya Lubumbashi inaingia kwa Kasumbalesa, kisha safari ndefu kutoka bandari za Dar es Salaam ao Durban. Kama kifaa kimefika na kipimo kisicho chake, kukirudisha ni gharama nyingine, na mara nyingi mwenyewe anakiacha nyumbani kama pambo. Ndiyo sababu kazi ya kwanza si kutafuta muuzaji. Kazi ya kwanza ni kujua kinga inaugua nini.

Amortisa si resori tu

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Resori inabeba uzito na kurudisha gurudumu chini kisha shimo. Ila resori peke yake inarudi kwa nguvu ileile iliyoisukuma, na mtu anarushwa juu kama mpira. Amortisa ya kweli ina mafuta ndani. Pistoni inapoingia, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya shimo inageuka kuwa joto. Hivyo gurudumu linarudi polepole na linabaki limeshika barabara.

Kwenye kinga nyingi za bei ya chini, kile kinachoitwa amortisa ni resori iliyozungushwa kwenye fimbo ya chuma, bila mafuta hata tone moja. Kuna njia rahisi ya kutambua. Simama pembeni ya kinga, kandamiza kiti kwa mikono miwili, kisha achilia ghafula. Kama kiti kinaruka mara moja, hakuna kitu kinachozuia resori. Kama kinapanda kwa utulivu, mafuta bado yanafanya kazi.

Amortisa nyingine hazina resori ya chuma. Zinabeba uzito kwa hewa iliyofungwa ndani. Ni nyepesi, na mtu anaweza kuzipangia uzito wake mwenyewe, lakini zinadai pompi maalumu yenye kipimo, kwa sababu hewa ndani inaweza kupita mara tano ile ya mpira wa gurudumu. Pompi ya kawaida haifiki huko. Asiye na pompi hiyo, na asiye na jirani wa kumwazima, afikiri mara mbili kabla ya kununua amortisa ya hewa.

Mara nyingine ugonjwa uko pengine

Kinga ikipiga kelele nyuma, si lazima amortisa iwe imekufa. Inua kiti polepole kwa mkono mmoja. Kama kiti kinapanda kidogo, kinagonga, ndipo gurudumu linaondoka chini, kuna nafasi mahali fulani. Weka kidole kwenye buloni inayoshika amortisa juu, kisha ile ya chini, halafu kwenye kiungo kikubwa karibu na pedali, na inua tena. Mahali kidole kinaposikia mchezo ndipo penye kosa.

Mara nyingi ni vile vipete vidogo vilivyo ndani ya matundu ya amortisa ambavyo vimeliwa. Kipete ni kitu cha feza kidogo, na fundi mwenye mashini ya kukereza chuma anaweza kukitengeneza kwa kipimo. Kubadilisha amortisa nzima huku vipete ao kiungo vimechakaa ni kuharibu kile kipya: fimbo inasukumwa upande, mipira ya kuzuia mafuta inakatika, na mafuta yanaanza kutoka.

Dalili za amortisa iliyokwisha kweli ni nyingine: mafuta yanayotoka kila siku hata ukipangusa, fimbo iliyopindika ao yenye mikwaruzo mirefu, ao kiti kinachoruka wakati zamani kilikuwa kinapanda polepole.

Vipimo vinne

Kama imeamuliwa kununua, ondoa ile ya zamani na upime kwa milimita.

Cha kwanza ni urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, amortisa ikiwa haikubeba kitu. Cha pili ni mwendo wa pistoni, yaani umbali ambao amortisa inaweza kuingia. Namba hizi mbili mara nyingi zinaandikwa pamoja, kwa mfano 190 x 51 ao 200 x 57. Kutoka 2016 watengenezaji wakubwa walileta vipimo vipya, kama 210 x 55 ao 230 x 65, na havichukui nafasi ya vile vya zamani. Cha tatu ni unene wa buloni. Cha nne ni upana wa mahali amortisa inapokaa kwenye kadre, juu na chini, maana pande hizo mbili zinaweza kutofautiana.

Tofauti ndogo ina matokeo makubwa. Kwenye kinga nyingi, amortisa ikiingia milimita 1, gurudumu la nyuma linapanda milimita 2 hadi 3. Kwa hiyo amortisa iliyozidi urefu kwa sentimita 1 inaweza kuinua nyuma ya kinga zaidi ya sentimita 2. Uzito unakimbilia mbele, usukani unakuwa mwepesi mno, na kwenye mteremko mtu anaweza kupinduka. Ile yenye mwendo mrefu kuliko ya kwanza ina hatari nyingine: gurudumu linapanda hadi mpira unagusa kadre ao kiti, na kinga inasimama ghafula.

Kabla ya safari ya kwanza, fundi mwangalifu anajaribu hivi: anatoa resori, ao anatoa hewa yote kwa valve, anaingiza amortisa hadi mwisho, kisha anaangalia kama mpira umegusa kitu. Jaribio hilo linachukua dakika chache na linaweza kuokoa meno ya mtu.

Kuchukua amortisa ya pikipiki ni mawazo mabaya, hata kama mtaani zinapatikana kila kona kwa sababu ya manseba. Amortisa ya pikipiki ya kawaida ina urefu unaopita sentimita 30, nayo imetengenezwa kwa kubeba chuma chenye kilo zaidi ya 100 pamoja na watu. Chini ya mtu mmoja kwenye kinga, haitaingia hata kidogo.

Uzito ndio unaoamua

Kwenye resori ya chuma kuna namba: 450, 550, 750. Inaonyesha ratili zinazohitajika kuikandamiza kwa inchi moja. Resori ya 450, kwa hesabu yetu, inadai karibu kilo 8 kwa kila milimita.

Tuchukue mtu wa kilo 80. Akikaa, karibu kilo 48 zinakwenda gurudumu la nyuma. Kama kinga yake inazidisha mara 2,5, amortisa inasikia kilo 120. Resori ya 450 itaingia milimita 15. Kama mwendo wote ni milimita 50, hiyo ni asilimia 30, na ndicho kipimo kizuri: kwa kinga ya VTT inashauriwa amortisa izame kati ya asilimia 25 na 30 mtu akikaa tu. Sehemu inayobaki ni ya kupokea mashimo.

Sasa ongeza mzigo wa kilo 50 juu ya gurudumu la nyuma, ubebwe na kadre. Hesabu inafika kilo 245, na amortisa inazama milimita 30 kabla ya kinga kusogea. Shimo la kwanza litaigonga hadi mwisho.

Hapo ndipo inaeleweka kwa nini kinga zinazoleta makala Lubumbashi hazina amortisa. Kila siku wanaume wanazisukuma kwa mguu kutoka misitu ya miombo, kwenye barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kipushi, zikiwa na magunia yaliyopita kimo cha mtu, na kadiri miti inavyokatwa ndivyo safari inavyorefuka. Kwa kazi hiyo kadre inapaswa kuwa kitu kimoja kigumu. Kitu pekee kinacholainisha njia ni hewa ndani ya mipira. Goma, chukudu za mbao zinafanya vilevile: kipande cha mpira wa zamani kinazungushwa kwenye gurudumu la mti.

VTT ilizaliwa kwa kazi tofauti. Ilianza California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana wakishindana kuteremka milima, na kinga zile za kwanza hazikuwa na resori. Kampuni ya RockShox ilianzishwa 1989, na 1996 mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Leo, kwenye mashindano ya Cape Epic huko Afrika Kusini, yaliyoanza 2004, wakimbiaji wanapita njia za mawe na vumbi kwa siku nane, wawili-wawili. Kila amortisa huko inabeba mwili mmoja tu, bila gunia.

Kwa hiyo mwenye VTT anayetaka kubeba bidoni za mafuta ao magunia ya unga asidhani amortisa kubwa itamsaidia. Hata mahali pa kufungia mzigo ni tatizo, kwa sababu nyuma ya kinga inacheza na mbele haichezi: chuma kilichofungwa pande zote mbili kitavunjika. Afadhali auze kinga hiyo na kununua ngumu.

Kuifunga na kuirekebisha

Amortisa mpya ikishafungwa, funga uzi mwembamba ao kipete cha mpira kwenye fimbo yake, karibu kabisa na mwili. Kaa kwenye kinga polepole, ukiwa na mfuko wako wa kila siku mgongoni, huku umeshikilia ukuta. Shuka bila kuruka, kisha pima uzi umesogea wapi. Kwa mwendo wa milimita 50, utafute kati ya 12 na 15.

Ikizama mno kwenye amortisa ya hewa, ongeza hewa kidogo. Kwenye resori, mnaweza kuzungusha ile pete yenye meno mara moja ao mbili, si zaidi. Pete hiyo haigeuzi ugumu wa resori, inabadilisha tu mahali inapoanzia. Kama bado inazama, inatakiwa resori yenye namba kubwa zaidi.

Kuna kazi moja ya kumwachia fundi aliyejifunza: kufungua mwili wa amortisa. Nyingine zina gesi yenye nguvu ndani hata kama hewa ya kawaida imetolewa. Kutoboa ao kuchomelea amortisa ni kucheza na macho yako.

Vumbi jekundu

Kutoka mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi la Katanga linaingia kila mahali. Mvua zikianza, matope yanachukua zamu. Fimbo ya amortisa ipanguswe na kitambaa kikavu kila kisha safari. Usipake grisi nzito kwenye fimbo, inashika mchanga na kuwa kama msasa. Usioshe kwa mafuta ya gari wala petroli, yanakula mipira ya ndani. Maji ya mashini yenye nguvu pia yasielekezwe kwenye viungo. Watengenezaji wengi wanashauri kusafisha na kupaka mafuta sehemu ya hewa kila kisha saa 50 za kutembea. Kwa mtu anayekwenda kazini saa moja kwa siku, ni karibu kila miezi miwili.

Inabaki hesabu ya mwisho. Kama freni hazishiki ao mipira imelika, feza ziende huko kwanza, maana amortisa haisimamishi kinga mbele ya lori. Kama vipete vimeliwa, vibadilishwe hivyo tu. Kama kadre ni nzima, kinga inabeba mtu peke yake, na vipimo vinne vimeandikwa kwenye karatasi, basi amortisa yenye mafuta badala ya fimbo kavu itabadilisha kila safari ya barabara mbovu. Karatasi hiyo iende pamoja na feza kwa muuzaji, na muuzaji asiyeweza kutaja urefu na mwendo wa kile anachouza asilipwe kwanza.