Kijana Akitaka Kuzamia Ziwani

Akina mama wenzetu, njia ya zamani ya misafara iliyopita hapa Tabora iliishia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Humo ilizama meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliyopigwa na Waingereza tarehe 9 Februari 1916. Vijana wetu wakisikia habari hizo, hutamani kuzamia.

Tusiwakataze tu, tuwaelimishe. Hewa ya mtungi huingiza naitrojeni mwilini. Mzamiaji akipanda haraka, naitrojeni hufanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Akibana pumzi, mapafu yaweza kupasuka. Basi azamie na mwalimu, apande polepole, atulie dakika 3 kwenye mita 5. Chini ya mita 40 si mahali pa mwanafunzi, hata meli iwe na historia gani.

Tabora iko juu kuliko ziwa, hivyo apumzike siku nzima Kigoma kabla ya kurudi. Akifika nyumbani viungo vikauma au miguu ikafa ganzi, tusidhani ni malaria au uchovu wa safari. Tumwahishe hospitali, apewe oksijeni, na tumwambie daktari mapema: "Alizamia." Neno hilo laweza kumwepusha mtoto na kupooza.