Kidonge cha tezi kinapobadilisha kampuni

Levothairoksini ni homoni ya tezi ya thairoidi inayotengenezwa kiwandani. Huitumia watu ambao tezi yao, iliyo mbele ya shingo, haitoi tena homoni ya kutosha: ama imeshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ama imeondolewa kwa upasuaji, ama imetibiwa kwa iodini yenye mionzi. Wengi wao humeza kidonge kila asubuhi maisha yao yote. Kwa hiyo neno jepesi la muuza dawa, kwamba ile ya kawaida imeisha lakini hii nyingine ni ileile, kwao ni neno zito.

Uzito wake unatokana na udogo wa dozi. Kidonge cha maikrogramu 100 kina sehemu moja tu ya kumi ya miligramu ya homoni. Sehemu nyingine yote, yaani karibu kidonge kizima, ni viambato vya kukishikamanisha na kukisaidia kuyeyuka tumboni. Kampuni mbili huweza kutia kiasi kilekile cha homoni, zikatofautiana katika viambato, na utumbo ukafyonza zaidi au pungufu. Kwa dawa nyingi tofauti hiyo haihisiwi. Kwa levothairoksini nafasi kati ya dozi haba na dozi iliyozidi ni finyu. Ikipungua huja uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu na kuongezeka uzito. Ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, na kwa wazee mapigo ya moyo huweza kuvurugika na mifupa kudhoofika. Mjamzito ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu, kwa kuwa miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama.

Dawa yenyewe pia hupoteza nguvu kwa joto, mwanga na unyevu. Ndiyo sababu mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji kuhakikisha kwamba hadi siku ya mwisho ya matumizi kidonge hakina chini ya asilimia 95 wala zaidi ya asilimia 105 ya kiasi kilichoandikwa. Awali mwanya ulikuwa asilimia 90 hadi 110.

Ufaransa ilifuata lengo hilohilo, na yaliyoipata yanafundisha mengi. Mamlaka ya dawa ya huko iliitaka kampuni ya Merck iifanye Levothyrox iwe imara zaidi. Kampuni ikaondoa laktosi, ikaweka manitoli na asidi ya sitriki, na mwezi Machi 2017 kidonge kipya kikaingia sokoni. Wakati huo mamilioni ya wagonjwa hawakuwa na dawa mbadala ya maana. Wengi waligundua mabadiliko baada ya kuanza kuumwa: uchovu, maumivu ya misuli, kizunguzungu, nywele kunyonyoka. Waraka wa malalamiko ukakusanya saini zaidi ya 200,000, na kufikia Oktoba serikali ikaruhusu fomula ya zamani iagizwe kwa jina la Euthyrox. Utafiti mkubwa wa mamlaka hiyo uliotolewa 2019 haukuona ongezeko la magonjwa makubwa. Hata hivyo, mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Lyon iliamuru zaidi ya walalamikaji 3,000 walipwe euro 1,000 kila mmoja, kwa sababu hawakuarifiwa ipasavyo. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Kidonge kinaweza kuwa bora maabara na bado mgonjwa akawa amekosewa, kwa kutoambiwa.

Dawa kukosekana kabisa ni taabu ya namna nyingine. Tetemeko la Machi 2011 liliposimamisha kiwanda kimoja mjini Iwaki, mkoani Fukushima, Japani ilijikuta bila chanzo cha karibu levothairoksini yake yote, ikalazimika kuagiza nje. Afrika Mashariki, ambako vidonge vingi vya aina hii hutoka nje, shehena ikichelewa mgonjwa huhisi mapema.

Kampuni ikibadilika, kipimo cha damu cha TSH ndicho mwamuzi. TSH hutolewa na tezi ya pituitari chini ya ubongo, na hupanda homoni ya thairoidi inapopungua. Kwa kuwa nusu ya dawa huchukua takriban siku saba kuondoka mwilini, kipimo cha wiki moja baadaye hakisemi kitu. Husubiriwa wiki sita hadi nane. Dalili zikiwa kali, mgonjwa amwone daktari mapema badala ya kujipunguzia au kujiongezea dozi. Pakiti zisomwe kwa makini: 0.1 mg na 100 mcg ni dozi moja, lakini anayepewa vya 50 badala ya vya 100 akaendelea kumeza kimoja amepunguza dozi kwa nusu bila kujua. Vidonge vimezwe kwa maji nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, mbali kwa saa nne na vidonge vya madini ya chuma au kalisi, la sivyo kampuni mpya italaumiwa kwa kosa la kifungua kinywa. Kwenye joto la Mombasa au Tanga, vibaki ndani ya pakiti yake, mbali na dirisha na jiko. Akiba inunuliwe kabla pakiti haijaisha, na pakiti tupu ihifadhiwe ili jina la kampuni lijulikane.

Mfamasia naye, asiyekuwa na kampuni aliyoizoea mgonjwa, aseme hivyo kabla ya kupokea fedha, aandike jina jipya kwenye karatasi ya dawa, na amkumbushe mgonjwa kupima TSH.