Filieri: namna ya kukata meno ya buloni bila kuharibu chuma

Asubui, motari anafika garaje na moto inayoyumba nyuma. Buloni moja imekatika, na ile ya kununua haipatikani karibu. Fundi anatwaa kipande cha chuma, anakifunga katika etau, anatia filieri, anazungusha. Kisha dakika kumi ekru inaingia, motari analipa na anaenda. Lakini ile buloni itakaa siku ngapi? Jibu linatoka katika mambo matatu: filieri iliyochaguliwa, chuma iliyotumiwa, na mukono wa fundi.

Filieri ni kitu gani?

Filieri ni kipande cha chuma ngumu, cha muviringo kama sahani ndogo, chenye tundu katikati. Ndani ya ile tundu kuko meno yenye kukata. Inakata meno ya inje, yale ya buloni. Meno ya ndani, yale ya ekru, yanakatwa na chombo kingine, taraudi. Filieri inawekwa ndani ya mukono wake wenye vishikio viwili, na visi ndogo zinaikamata.

Kuko filieri zilizofungwa kabisa, na kuko zilizo na mupasuko upande mumoja. Ile yenye mupasuko inaweza kufunguka ao kufunga kidogo, kwa hiyo fundi anaweza kurekebisha meno mpaka ekru iingie muzuri. Ile yenye pembe sita kama ekru kubwa iko kwanza kwa kusafisha meno yaliyoharibika. Kuanza meno mapya nayo kunachokesha mutu, na mara nyingi meno yanapinda.

Kuchagua: soma maandishi

Juu ya filieri kunaandikwa, kwa mufano, M10 x 1.5. M maana yake ni kipimo cha metre. 10 ni unene wa buloni kwa milimetre. 1.5 ni hatua, ni kusema urefu kutoka jino moja mpaka lingine. Hatua za kawaida ni hizi: M6 iko na 1, M8 iko na 1.25, M10 iko na 1.5, M12 iko na 1.75.

Hapa njo mafundi wengi wanakosea. Moto na magari mengi ya Japani yanatumia M10 ya hatua 1.25, si 1.5. Ukikata 1.5 na ekru iko ya 1.25, itaingia mizunguko miwili ao mitatu, kisha itakwama. Ukiilazimisha, unaharibu zote mbili.

Kama hauna chombo cha kupima hatua, twaa buloni ya zamani na rula. Pima kutoka ncha ya jino la kwanza mpaka ncha ya jino la kumi na moja. Ukipata milimetre 15, hatua ni 1.5. Ukipata 12.5, hatua ni 1.25. Njia ingine: shikanisha buloni mbili, meno ndani ya meno, na uangalie kwenye mwangaza. Kama mwangaza unapita katikati, hazifanane.

Mashini za zamani za Uingereza ziko na meno ya inchi, yaliyopangwa na Joseph Whitworth mu mwaka wa 1841. Pembe ya jino lake ni digri 55, wakati jino la metre liko na 60. Na tuyo ya maji ya "nusu inchi" iko na unene wa inje wa karibu milimetre 21, kwa hiyo inaomba filieri yake ya tuyo.

Angalia pia unene wa filieri yenyewe, juu lazima iingie katika mukono wake: ya M6 mara nyingi iko na milimetre 20, ya M8 iko na 25, ya M10 iko na 30, ya M12 iko na 38. Ile iliyoandikwa HSS inadumu zaidi kuliko ile ya chuma ya kawaida.

Kutayarisha chuma

Chuma isipite kipimo. Muzuri ipunguke kidogo: kwa M8, karibu 7.9, kwa M10, karibu 9.85. Kama chuma iko nene sana, meno yanapasuka na filieri inaweza kuvunjika. Kama iko nyembamba sana, meno yanatoka mafupi na hayakamate.

Kisha piga lime kwenye ncha, uizungushe mpaka ikuwe kama penseli iliyochongwa kidogo. Bila hiyo, filieri haiwezi kuanza sawasawa. Funga chuma katika etau, isimame wima, na isitoke sana juu.

Kukata

Anza na upande wa filieri ulio na mudomo mupana. Mara nyingi ni ule wenye maandishi, na unaangalia chuma. Kama filieri iko na mupasuko, kaza visi ya katikati ili ifunguke kidogo kwa mara ya kwanza.

Tia mafuta. Mafuta ya kukatia njo bora. Kama hayako, mafuta ya nguruwe yanasaidia; ni dawa ya zamani ya mafundi. Mafuta ya vidanji iko na uchafu wa chuma ndani na inaumiza ngozi. Shaba ya manjano na chuma ya kumwanga vinakatwa bila mafuta.

Sukuma chini kwa mikono miwili, nguvu sawa pande zote, na uzungushe polepole. Kisha mizunguko miwili, simama na uangalie: filieri iko sawa na chuma, ao inalala upande mumoja? Wakati huo bado unaweza kusahihisha. Kisha hapo, acha kusukuma, juu filieri inajivuta yenyewe. Zungusha nusu mbele, rudisha robo nyuma. Kule kurudisha kunavunja maganda ya chuma. Bila hivyo yanajaa ndani na kung'oa meno.

Ukimaliza, safisha na ujaribu ekru. Kama inakaza, legeza visi ya katikati, kaza zile za pembeni kidogo, na upitishe tena.

Pale ambapo filieri haitoshe

Buloni ya kiwanda iliyoandikwa 8.8 juu ya kichwa inaweza kuvumilia karibu kilo 80 kwa kila milimetre ya eneo mbele ikatike. Chuma laini ya kawaida inaishia karibu kilo 40. Tena, buloni nyingi za kiwanda hazikatwe. Meno yanabanwa kwa nguvu, na hiyo inayafanya magumu zaidi. Kwa hiyo, hata fundi mwenye akili sana, akitumia chuma laini, atatoa buloni yenye nusu ya nguvu.

Ferabeto njo mbaya zaidi. Iko na mistari juu yake, na katikati ya mistari chuma iko nyembamba: meno yanatoka na mapengo.

Kwa mulango, meza, kikapu cha mizigo ao kufunga bati, buloni ya ateliye inatosha kabisa. Kwa ekseli, breki na usukani, hapana. Pale, fundi wa kweli anamwambia motari angoje buloni ya kipimo, hata kama siku inapotea. Siku moja bila kazi inalipwa kesho. Mutu aliyeanguka kwenye mulima na abiria nyuma, hakuna franga ya kumurudisha.